GOTI LIMEPONA, SUKARI IMEPANDA!

Mimi huku Mwanza wiki hii nina deni la kuomba radhi. Nimeona nililipe hapa hapa gazetini, maana mama mkubwa wangu safu hii hulisomea jirani zake kwa sauti, pale kwenye meza yake ya dagaa Mwaloni, Kirumba.

Kuuza dagaa ni kazi ya kuinama, kusimama, kuburuta gunia, kisha kuinama tena. Miaka imekwenda, magoti yamechoka. Na juu ya magoti mama mkubwa ana kisukari. Anameza vidonge vyake, soda kashazisahau, na ile mashine ndogo ya kupimia aliyonunuliwa na mwanawe, asubuhi kabla hajala humsomea 7 au 8. Siku mbaya 9.

Mwezi uliopita goti la kulia likagoma kabisa. Akaenda zahanati moja (jina naliweka mfukoni), akachomwa sindano ndani ya goti. Hakuulizwa kama ana sukari, naye hakusema. Amepeleka goti, sukari inaingiaje? Basi bwana, kesho kutwa yake mama anapanda mawe yetu ya Mabatini hadi nyumbani bila kushika ukuta. Tukashangilia!

Usiku ule ule kiu ikamshika. Jagi la maji likaisha, likajazwa, likaisha tena. Chooni mara tano. Asubuhi mashine ikasoma 19.

Nani wa kwanza kumsuta? Mimi hapa. "Mama mkubwa, sema kweli, pale harusini Jumamosi umekunywa soda ngapi?" Akaapa hajagusa hata moja. Kaka, mwanawe wa kwanza, akafungua kabati kutafuta biskuti, utadhani polisi wanasaka gongo. Mama mkubwa akakaa kitandani akatoa machozi. Mtu mzima, kasomesha watoto wanne kwa dagaa, leo anapekuliwa na hao hao aliowabeba mgongoni! Akasema tu, "Sijaiba kitu mimi." Na hatukumwamini.

Aliyetuumbua ni dada mmoja nesi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakuuliza habari za soda. Aliuliza, "Goti lilichomwa dawa gani?" Tukamwonyesha cheti. Akacheka, halafu akakasirika.

Dawa ile ni steroidi. Hospitalini utasikia Depo-Medrol au Kenalog, ni jamii hiyo. Ni ndugu wa kotisoli, homoni inayotengenezwa na miili yetu wenyewe kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo. Inatuliza uvimbe na maumivu, hilo halina ubishi. Lakini pia inaliambia ini limwage sukari kwenye damu, na inaufanya mwili usiisikilize insulini. Utasema, si imechomwa gotini? Goti si chupa yenye kifuniko, ndugu yangu. Sehemu ya dawa hupenya ikaingia damuni. Asiye na kisukari, kongosho lake linafidia kimya kimya, wala hajui. Mwenye kisukari sukari hupanda ndani ya siku moja mbili, na kwa wengi hurudi chini baada ya kama wiki. Wengine huchelewa zaidi.

Wala si dawa ya kichochoroni. Septemba 1948 Dk. Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyeshindwa kutembea, na siku chache baadaye akainuka. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo sindano naitetea. Ninachogombana nacho ni ule ukimya.

Kabla hujafunua goti, sema: nina kisukari, natumia vidonge hivi, juzi ilisoma hivi. Kama ilishakuwa juu, daktari anaweza kukuambia usubiri kwanza. Magoti mawili kwa siku moja ni dawa nyingi zaidi, muulize hilo pia. Ukishachomwa, pima mara nyingi kuliko kawaida wiki nzima. Huna mashine? Waulize hapo hapo utapimiwa wapi.

Na usijiongezee vidonge! Mama mkubwa alishaweka viwili mkononi badala ya kimoja, nesi akampokonya. Kuna dawa ambazo ukizizidisha, sukari ya sindano ikishaondoka, unaporomoka ukazimia. Wa insulini ndio kabisa, dozi ipangwe na daktari. Ukianza kutapika, kusinzia ovyo au kuongea yasiyoeleweka, usingoje kuche. Bugando na Sekou Toure hawafungi usiku.

Sisi tulimpeleka hospitali asubuhi ile ile. Siku ya tisa mashine ikasoma 8, na goti bado zima.

Jana nikateremka Mwaloni na chupa kubwa ya maji, nikapiga goti mbele ya wateja. Akaniangalia weee... "Inuka, utachafua suruali." Kisha akanipimia kopo moja la dagaa, kwa bei ya mgeni kutoka Dar.