Kondoo Mwekundu Asipotee

Hapana mfugaji atakayetulaumu tukisema kwamba kondoo wa mbegu ya Dorper ana nyama. Mbegu hiyo ilianzishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na yule mwenye kichwa cheusi aitwaye wa Uajemi, ingawa asili yake ni Somalia. Paja lake limejaa, mafuta hayakurundikana mkiani, na wanawe hufika machinjioni mapema. Mfanyakazi wa mjini anunuaye nusu kilo jioni hana neno juu yake.

Ndiyo maana, katikati ya miaka ya 1970, wafugaji wa Kenya waligawiwa madume wa Dorper kwa bei nafuu. Kosa halikuwa la dume. Kosa ni kwamba wengi waliendelea kupandisha kizazi baada ya kizazi, bila kuuliza majike wekundu wa Kimasai watatoka wapi baadaye.

Mwana wa kwanza wa mbegu hizo mbili hupata mwili kwa baba na ustahimilivu kwa mama. Lakini akipandishwa tena na tena kwa Dorper, damu ya Kimasai hupungua, na pamoja nayo ile nguvu ya kushindana na minyoo wanyonyao damu tumboni. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliwafuga wote pamoja huko Diani, pwani yenye unyevu. Wana wa Dorper walikufa kwa wingi, wekundu wakastahimili. Katika nchi kavu ya Kapiti tofauti ilikuwa ndogo zaidi. Kondoo aliyekufa malishoni hana paja la kuuza.

Twasema waziwazi: serikali za Kenya na Tanzania zitunze makundi ya wekundu halisi, na wale chotara wa kwanza wauzwe wote kwa nyama, wasirudishwe kundini kuzaa.

Hata miongoni mwa wekundu wenyewe wamo wenye nyama kuliko wenzao. Kuwatambua si rahisi, maana dume akichinjwa ili apimwe, hazai tena. Kwingineko huchinjwa wanawe, au hutumika chombo cha mawimbi ya sauti kuonyesha unene wa msuli na wa mafuta mgongoni. Hapa kwetu mchuuzi humkamata kondoo kiunoni, akataja bei ile ile kwa mwenye nyama na mwenye mafuta. Mfugaji atajisumbua kuchagua kwa faida gani? Mizani ifike minadani kabla ya madume wengine kuletwa.