ELIMU BURE YENYE LUMBESA

MKULIMA wa viazi wa Isongole anaijua lumbesa. Mnunuzi anafika shambani, anataja bei ya gunia moja, mnakubaliana. Kisha gunia linajazwa mpaka mdomoni, linashonewa kilemba juu yake, na bei inabaki ile ile. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa imepigwa marufuku majukwaani mara nyingi kiasi kwamba mkulima ameacha kuhesabu. Anachohesabu ni hasara.

Elimu ya watoto wetu nayo ina lumbesa yake. Bei iliyotangazwa ni BURE. Kilemba kilichoshonewa juu yake kinaitwa michango.

Tuseme mapema ili asitokee wa kutupakazia: sisi hatupingi elimu bure. Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi kupitia mpango wa MMEM ulioanza 2002, watoto walimiminika madarasani. Ilipotoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na ada ikafutwa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, walimiminika tena. Mwaka 2022 ikatangazwa kwamba ada ya kidato cha tano na cha sita nayo imefutwa. Hayo ni mema na tunayakubali. Tunachopinga ni elimu bure ya mdomoni, ambayo mzazi anaisikia redioni asubuhi na jioni anadaiwa fedha shuleni.

Tufanye hesabu, maana namba hazina chama.

Wakati MMEM inaanza, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Kwa shilingi ilikuwa kama 10,000. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipotangazwa kwa mbwembwe, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000. Wakati huo dola moja ilikuwa imepita shilingi 2,100. Kwa hiyo dola 10 za mwaka 2002 zilikuwa zimebaki kama dola 5, na wala hakuna aliyesimama bungeni kutangaza kwamba ruzuku imepunguzwa. Ilipunguzwa kimya kimya, na bei za chaki, karatasi, bati na misumari.

Hata hiyo 10,000 haikufika yote shuleni. Shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ikapata 6,000 kwa mtoto kwa mwaka, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Chukua shule yenye watoto 400. Mgawo wake ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Fedha hizo zinunue chaki, zikarabati madarasa, ziendeshe ofisi, zichape mitihani na zigharimie michezo. Mwaka ule ule wa 2016 Serikali ilianza kumlipa mwalimu mkuu posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Hatumwonei kijicho, anastahili. Lakini ndugu msomaji, pima mwenyewe: posho ya mtu mmoja ilikuwa sawa na fedha za kuendesha shule nzima ya watoto 400.

Sasa mwalimu mkuu afanye nini? Mlinzi anataka mshahara. Mtihani wa majaribio unataka karatasi. Watoto wa darasa la saba wanataka uji. Mwalimu huyo anaiita kamati ya shule, kamati inaita wazazi, na mkutano unatoka na "mchango wa hiari". Hiari gani hiyo, ambayo mtoto wa asiyetoa anasimamishwa mbele ya wenzake au anarudishwa nyumbani?

Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Baadaye ikafafanuliwa kwamba anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asiguse fedha. Agizo lilikuwa kali. Lakini pengo lililoizaa michango halikuzibwa. Ukimkataza mtu kukopa bila kumwongezea mshahara, hujamwondolea njaa.

Wazee wetu wa Rungwe wanakumbuka kodi ya kichwa. Wanakumbuka mgambo alfajiri na watu kujificha migombani. Kodi ile, iliyobadilishwa jina na kuitwa kodi ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003. Ubaya wake ulikuwa mmoja: tajiri na kabwela walilipa sawa, kwa sababu kila mmoja ana kichwa kimoja. Mchango wa shule ni kodi ile ile imerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii inahesabu vichwa vya watoto. Mwenye duka la jumla Tukuyu mjini na kibarua anayelipwa kwa kuchimba viazi vya mwenzake wanaandikiwa kiasi kimoja. Tena kibarua mwenye watoto wanne shuleni anatoa mara nne ya mwenye duka mwenye mtoto mmoja. Na huenda huyo mmoja hayupo hata kwenye shule ya kijiji.

Hapo ndipo penye kidonda.

Kabla ya Uhuru nchi hii ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Mkoloni alijenga Iringa shule ya fahari ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's, ambayo baada ya Uhuru ikawa Mkwawa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta ubaguzi huo wa rangi. Kwa sheria ya mwaka 1969 ikachukua na shule za misheni ziwe za umma. Kwa Azimio la Musoma la 1974 ikaamua kila mtoto aingie darasa la kwanza. Tunaweza kuulaumu utawala wa chama kimoja kwa mengi, na tumeulaumu, lakini katika hili mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mfagiaji waliweza kukaa dawati moja.

Miaka ya 1980 ada zilirudi. Miaka ya 1990 tukafundishwa wimbo wa "kuchangia gharama". Shule za binafsi zikafumuka, na wenye nazo wakahama. Leo hatuna shule za Wazungu na za Waafrika. Tuna shule za wenye nazo na shule za walalahoi. Ukuta wa rangi ulivunjwa, ukajengwa ukuta wa mfuko.

Matunda yake tuliyaona Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne cha 2012 yalipotoka, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Wengi wao walitoka shule za kata, ambazo wananchi walizijenga kwa michango na nguvu zao wenyewe. Shule 10 za kwanza kitaifa zote zilikuwa za binafsi. Iliyoongoza nchi nzima ilikuwa St. Francis ya wasichana, hapa hapa Mbeya, mahali ambapo mzazi wa Isongole anafika kwa basi dogo akauze viazi na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa barabara ni karibu. Kwa ada ni mbali kuliko Ulaya.

Serikali ilifanya nini? Iliunda tume, na Mei 2013 ikayafuta matokeo yale na kuagiza alama zipangwe upya. Sifuri zikapungua kwenye karatasi. Mwalimu wa hisabati aliyekosekana hakuletwa na karatasi hiyo.

Tunauliza swali ambalo vigogo hawapendi kuulizwa. Nani katika wanaopanga bajeti ya elimu ana mtoto katika shule ya msingi ya kijiji? Mbunge? Waziri? Katibu Mkuu? Mkuu wa wilaya? Kama mtoto wa mkubwa angekaa darasa lenye watoto 100, wakati kiwango cha Serikali yenyewe ni 45, jambo hilo lingepata dharura bungeni wiki ile ile. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Watasema nchi ni maskini na mzazi lazima atimize wajibu wake. Mzazi anautimiza! Waraka Namba 3 wa 2016 ulimwachia sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa, na hayo anayabeba. Analipa ushuru wa mazao viazi vinapotoka kijijini. Analipa kodi kila anaponunua sabuni. Ameshalipia shule ile mara moja. Kumdai tena langoni ni lumbesa.

Na watasema fedha hazipo. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Uviko, yalijengwa madarasa 15,000 kwa miezi michache. Kwa hiyo Serikali ikitaka, inaweza. Tatizo ni kwamba darasa jipya hufunguliwa kwa utepe na picha, lakini chaki haikatiwi utepe.

Je, mzazi aende mahakamani? Asome kwanza Katiba. Ibara ya 11 inaitaka Serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa za elimu. Maneno matamu. Lakini ibara ya 7(2) inasema mambo ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa katika mahakama yoyote. Yaani haki umeandikiwa, na hapo hapo umeandikiwa kwamba huwezi kuidai.

Sisi tunasema yafuatayo.

Kwanza, ruzuku ya mwanafunzi ipandishwe mpaka irudishe thamani ya zile dola 10 za mwaka 2002, na kila bajeti iiongeze kadiri bei zinavyopanda. Ruzuku isiyopanda wakati bei zinapanda ni ruzuku inayoshuka.

Pili, kila shilingi inayofika shuleni ibandikwe ukutani, tarehe na kiasi, mahali ambapo mzazi anasoma bila kuomba ruhusa.

Tatu, shule za vijijini zipewe zaidi, si sawa. Baridi ya Isongole haifanani na joto la Dar es Salaam. Shule isiyo na walimu haiwezi kupimwa kwa kipimo cha shule yenye ziada.

Nne, haki ya elimu iingizwe katika Katiba mpya mahali ambapo mahakama inaweza kuigusa.

Na wewe mzazi, unapoambiwa utoe mchango, usimtukane mwalimu mkuu. Yeye ni mpakiaji tu, gunia hakulipima yeye. Muulize diwani wako na mbunge wako, mbele ya mkutano: ruzuku ya mtoto wangu ni shilingi ngapi, na mara ya mwisho ulisimama lini kuomba iongezwe? Akikosa jibu, umeshajua nani ameshona kilemba.