Ukubwa unaosomwa si lazima uwe wa kifaa

UIO, mfumo wa kuendesha kifaa kutoka programu iliyo nje ya kerneli, imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007, na bado wengi tunaitegemea. Ila ndugu mwandishi, kwenye makala yako umepita haraka mno kwenye suala la ukubwa wa eneo la rejista, na hapo ndipo draiva nyingi huharibikia.

Chukua kifaa chenye rejista za baiti 256 tu. Kumbukumbu hugawiwa kwa kurasa, na ukurasa wa kawaida una baiti 4096. Draiva ya kerneli ikitangaza 256, kama ilivyo kweli, programu ikiita mmap inakataliwa, kwa kuwa ukurasa mzima umezidi ukubwa uliotangazwa. Kwa hiyo draiva ya jumla ya UIO, uio_pdrv_genirq, hupandisha hesabu hadi ukurasa kamili. Ukisoma faili la maps/map0/size unakuta 0x1000, na ile 256 haionekani tena. Anayeamini namba hiyo ataandika nje ya rejista zake, pengine kwenye kifaa jirani kilichomo katika ukurasa uleule. Kwenye ARM64 yenye kurasa za kilobaiti 64, hatari inakua zaidi.

Kuna pia faili la offset, linaloonyesha rejista zinaanzia wapi ndani ya ukurasa. Wengi hawalisomi kabisa!

Mfumo mwingine wa Linux wa kazi kama hiyo, VFIO, hutoa ukubwa wa kila eneo programu ikiuliza. Tafadhali andika sehemu ya pili kuihusu, na kwenye mfano wako ongeza mstari wa kusoma offset, maana vijana wataunakili ulivyo.