Jasho la pamoja, hata mkiwa mbali

Sikubaliani na wanaosema kwamba michezo ya video ya kutumia mwili, ikichezwa na watu walio mbali, haiwezi kujenga timu. Mwaka 2003 Florian Mueller na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mchezo ambao watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, walipiga mpira halisi kwenye ukuta uliomwonyesha mwenzake kwa kimo chake kamili. Waliotoka jasho walifahamiana na kufurahi zaidi ya waliocheza mchezo kama huo kwa kibodi. Kwenye Zwift nako, ambako mtu hukanyaga baiskeli ya ndani iliyounganishwa na intaneti, anayefuata nyuma ya mwenzake kwenye skrini hutumia nguvu pungufu kuliko aliye mbele. Hivyo timu hupokezana kukaa mbele, hata mmoja akiwa Iten na mwingine Ulaya, na aliyechoka asiposubiriwa huachwa. Huo ni ushirikiano kamili.

Wapo watakaouliza kwa nini kijana wa Kitengela, hapa Kajiado, akanyage baiskeli chumbani ilhali barabara ya Namanga ipo. Barabara hiyo imejaa malori, na si mahali pa mwanafunzi kujifunza kuendesha kwa kundi. Kuhusu gharama wana hoja: vifaa ni ghali na stima hupotea. Lakini baiskeli chache zikiwekwa katika ukumbi wa umma Kitengela na nyingine Loitokitok, vijana wa kaunti moja wanaotenganishwa na nauli watafanya mazoezi kama timu moja. Viwanja bado tunavihitaji, na michezo hii isiwe kisingizio cha kunyakua hata kimoja. Naiomba idara ya michezo ya Kaunti ya Kajiado ianze na kumbi hizo mbili.