Mtibwa Sugar: Bingwa wa mwisho kutoka mikoani

MEI 2024, Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, iliteremka daraja baada ya kumaliza Ligi Kuu ikiwa mkiani. Kwa shabiki kijana wa Dar es Salaam, hiyo ilikuwa timu ndogo ya mkoani iliyozidiwa nguvu. Wazee wa soka waliiona kwa jicho jingine, kwani ndiyo klabu ya mwisho kutoka nje ya jiji hilo kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara.

Morogoro haikuwa ngeni kwa mataji. Mwaka 1975 Mseto, timu ya mjini chini ya milima ya Uluguru, iliwapokonya ubingwa vigogo Simba na Yanga. Baadaye ikaja Reli, ambayo jina lake la utani, Kiboko ya Vigogo, linajieleza. Lakini timu za mashirika ya umma ziliishi kwa pumzi ya mashirika hayo, na yalipoyumba, nazo ziliyumba.

Mtibwa, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika kiwanda cha sukari, ilisimama kwa sababu kiwanda kilisimama. Wakati Simba na Yanga zikiishi kwa fadhila za wafadhili na kugawanyika kwa migogoro ya wanachama, wakata miwa wa Manungu walikuwa na mwajiri mmoja, uwanja wao wenyewe na utulivu wa shamba. Kikosi cha akina Mecky Mexime kikatwaa ubingwa mwaka 1999, kikaurudia mwaka 2000. Tangu hapo kombe halijatoka Dar es Salaam: ama Simba, ama Yanga, na mara moja Azam, mwaka 2014.

Kilichobadilika si miwa. Wakubwa wa Kariakoo walipata matajiri wa kudumu, wakaanza kusajili wachezaji kutoka pembe zote za Afrika. Mtibwa iliendelea kulea vijana, kisha kuwaona wakipanda basi kwenda mjini mara tu walipoiva. Mkataba wa haki za matangazo wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, uliosainiwa na Azam Media na TFF mwaka 2021, uliziongezea klabu zote kipato, ila haukuweza kuziba pengo hilo. Utulivu uliokuwa silaha mwaka 1999 haukutosha tena, na hapo ndipo ilipo kasoro ya mfumo mzima wa timu za viwanda: bajeti yake hupangwa kwa hesabu za kiwanda, si kwa bei ya mshambuliaji.

Hata hivyo, Manungu hapakuzimika. Mwaka 2018, chini ya kocha Zuberi Katwila, Mtibwa iliifunga Singida United 3-2 jijini Arusha na kutwaa Kombe la Shirikisho, ikarejea katika michuano ya Afrika. Ni miaka sita tu kati ya furaha ile na kushuka.

Huko chini haikukaa. Msimu wa 2024/25 ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Championship na kurejea Ligi Kuu pamoja na Mbeya City. Msimu huohuo Kagera Sugar, timu nyingine ya kiwanda cha sukari, ilishuka.