Daftari la Mgonjwa Liko kwa Nani?

Miongoni mwa maneno yaliyopewa heshima kuliko kazi yake ni neno mashirikiano. Kila wizara ya afya inapotia saini na shirika la ng'ambo ili kuingiza simu na kompyuta katika tiba, neno hilo hutangulizwa mbele kama bwana harusi. Ni nadra kuulizwa swali ambalo mfanyabiashara yeyote wa Darajani humuuliza mshirika wake kabla ya kufungua duka: daftari litakaa kwa nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe ndiyo mali.

Haki na isemwe kwanza. Mwaka 2009 na 2010, utafiti uliofanywa Zanzibar pamoja na wataalamu wa Denmark uliwahusisha wajawazito 2,550. Katika kundi lililopelekewa ujumbe mfupi wa simu, wanawake 60 katika kila 100 walijifungua mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi. Katika kundi jingine walikuwa 47. Faida hiyo lakini iliwaangukia wa mjini; wa shamba haikuwafikia. Baadaye mpango wa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na shirika la D-tree, ulienea wilaya zote kufikia mwaka 2021, na wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,200 wakawa wanapita nyumba kwa nyumba, simu mkononi. Anayeyabeza haya hajapata kusubiri mkunga usiku wa mvua.

Ila chombo kizuri hakihalalishi mkataba mbaya. Katika simu hizo huingia mambo ambayo mwanamke humwambia mkunga peke yake, pazia likiwa limeshushwa: mimba iliyoharibika, maradhi ya mume, mtoto aliyedumaa. Kwa watu wa visiwa hivi, siri ya namna hiyo ni amana. Nayo amana haihami mikono kwa kuwa tu aliyeipokea amepata mfadhili.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Kwa zaidi ya miaka 30, Tanzania, kama nchi nyingi, imepima hali ya mama na mtoto kwa tafiti kubwa za kaya zilizogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani iliukatisha mpango huo, na watafiti waliotaka ruhusa mpya ya kuzifungua takwimu wakakuta mlango umefungwa. Julai mosi mwaka huo USAID yenyewe ikafungwa. Wanawake waliohojiwa hawakuulizwa katika kufungua wala katika kufunga.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kueleweshwa sana, kwani kisa hiki wanakijua kwa sura nyingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikusanywa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na mmisionari William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Hayo nayo yalikuwa mashirikiano. Karatasi zikaishia London, katika maktaba ya SOAS, na mkusanyo ukaitwa wa Taylor; haukuitwa wa Sikujua. Zilihifadhika, na shukrani ni wajibu. Lakini Mmvita akitaka kuigusa karatasi yenyewe, ndiye aombaye viza.

Sheria nayo ina tundu. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kwa upande wa Zanzibar, sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Na afya si jambo la Muungano. Kenya ilionyesha maana ya kuwa na mlinzi. Desemba 2025 ilitia saini na Marekani mapatano ya afya ya miaka 5. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ya Nairobi ikasimamisha kwa muda sehemu ya kupeleka taarifa za wagonjwa.

Wala si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Programu ya DHIS2, iliyochipua Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutolewa bure, na nchi yaweza kuiweka katika mitambo yake yenyewe. Hayo ndiyo mashirikiano: mgeni huleta ujuzi, mwenyeji hubaki na ufunguo.

Basi kila mkataba na uandikwe pia kwa Kiswahili, usomeke na mwenye kuandikwa. Utaje taarifa zitakaa wapi, nani atazifungua, na nani atazirithi mfadhili akiondoka. Baraza la Wawakilishi liuone kabla ya wino kukauka.

Watatokea wa kusema kuwa mchagua jembe si mkulima. Msemo ni wa kweli, ila umewekwa si pake. Hapa halichaguliwi jembe, linalindwa shamba.