Rangi Moja Haijengi Mtaa

Imani iliyoenea miongoni mwa maofisa wa halmashauri, madalali wa viwanja na hata wasomi wa mijini ni kwamba mtaa mpya uliopangwa vizuri hutambulika kwa rangi: kuta zote ziwe nyeupe au za krimu, mapaa yote yafanane, na atakayepaka zambarau au kijani cha kuwaka ahesabiwe kuwa ameharibu sura ya mji. Imani hii haikubaki pwani na kwenye majiji. Husikika pia milimani, ambako nyumba za tofali na bati la msauzi, yaani bati lililopakwa rangi kiwandani, zimechukua nafasi ya nyumba za udongo pembezoni mwa Lushoto na kwenye miteremko ya Kifungilo, katika milima ya Usambara. Ni imani potofu, kwa kuwa inayachukua matokeo ya historia na kuyageuza kuwa kanuni ya ujenzi.

Mfano unaopendwa zaidi na watetezi wa rangi moja ni weupe wa miji ya kale ya Waswahili. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyofuata mwaka 2001, hutajwa kama ushahidi kwamba mababu walikuwa na nidhamu ya rangi ambayo kizazi cha sasa kimeipoteza. Lakini kuta za miji hiyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapigwa lipu ya chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, kisha zikapakwa maji ya chokaa kila zilipochakaa. Weupe ulikuja kwa sababu chokaa ni nyeupe na ilipatikana jirani, na ulidumu kwa sababu ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu ambao chokaa huuachia utoke. Anayeupaka ukuta huo rangi ya plastiki, hata ikiwa nyeupe pepe, anauziba, na unyevu unaobaki ndani huibandua lipu vipande vipande. Sura ya kale inaonekana imehifadhiwa ilhali nyumba yenyewe inaoza.

Mombasa ilionyesha mwaka 2018 jinsi weupe unavyoweza kugeuka amri. Serikali ya kaunti chini ya Gavana Hassan Joho iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe na kutiwa nakshi za buluu, na wamiliki wakalalamikia gharama na kutoshirikishwa. Hoja ya kaunti ilikuwa kuupendezesha mji, na hakuna anayepinga mji kupendeza. Linalopingwa ni dhana kwamba hali iliyozaliwa na tanuri la chokaa inaweza kuzaliwa upya kwa tangazo la ofisi, huku gharama za kopo, brashi na fundi zikibebwa na mwenye nyumba.

Usambara ilikuwa na umoja wake wa rangi, na haukuagizwa na yeyote. Nyumba ya Msambaa ya miti ilikandikwa udongo uliochimbwa hatua chache kutoka mlangoni, kwa hiyo kijiji kilichukua rangi ya mteremko wake. Wekundu wa udongo huo hutokana na oksidi ya chuma, yaani kutu inayobaki mvua zinapoyayeyusha na kuyachukua madini mengine kwa karne nyingi. Udongo huohuo ndio adui mkubwa wa ukuta mweupe. Matone ya masika yakipiga uwanja usio na majani hurusha tope jekundu hadi usawa wa goti, na ukungu wa milimani huotesha kuvu na mwani upande usiopata jua, kiasi kwamba nyumba iliyopakwa krimu mwezi wa pili huweza kufika mwezi wa sita ikiwa na rangi tatu ambazo mwenyewe hakuzinunua. Mafundi wanalijua hilo, ndiyo maana huzungushia chini ya ukuta mkanda wa rangi ya mafuta nyeusi, kijivu au ya udongo, jambo ambalo mtetezi wa rangi moja hulitazama kama uchafu. Isitoshe, faida kubwa ya weupe ni kuakisi, yaani kurudisha mionzi ya jua ili nyumba isipate joto. Faida hiyo ina maana Tanga mjini, lakini Kifungilo, ambako Julai watu hulala chini ya mablanketi mawili, inahitaji kuthibitishwa kabla ya kusifiwa.

Hoja moja ya upande wa pili inastahili heshima. Katika nchi ya milima, mtu haoni ukuta wa jirani yake bali paa lake, na bati jipya lisilopakwa rangi huweza kumulika mchana kutwa madirisha ya aliyejenga juu yake. Hilo ni dhara la kweli, na mamlaka ya upangaji, ambayo Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeipa kazi ya kutoa vibali vya uendelezaji, ina haki ya kulizungumzia. Lakini dhara lenyewe ni mng'ao, na mng'ao huondolewa na bati la kahawia, la kijani au la kijivu kwa usawa.

Watu wa milima hii wanayo kumbukumbu ya mpangilio wa kutazamwa kwa mbali. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha katika eneo la Mlalo, na baadaye Usambara nzima, mpango wa kuwalazimisha wakulima kulima kwa matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa ukaguzi na faini. Wakulima wakaupinga kwa nguvu hadi ukaachwa kabla ya uhuru. Mmomonyoko ulikuwa tatizo halisi. Hata hivyo mistari iliyonyooka, iliyompendeza mkaguzi aliyesimama barabarani, haikuwa jibu ambalo mwenye shamba angelichagua.

Anayetaka kuona mtaa mpya uliotumia rangi kwa akili atazame Falkenberg, kitongoji cha Berlin kilichosanifiwa na Bruno Taut na kujengwa kati ya 1913 na 1916, miaka ileile ambayo Wajerumani walikuwa wangali wakiitawala Lushoto kwa jina la Wilhelmstal. Nyumba zake zilikuwa za gharama nafuu, zenye ramani chache zilizojirudia, na Taut alizipaka nyekundu, buluu, manjano na kijani ili kila familia iwe na sura yake katika safu iliyofanana. Kilidhihakiwa kuwa ni kisanduku cha rangi. Mwaka 2008 UNESCO ilikiingiza katika orodha ileile ya Urithi wa Dunia inayotajwa na watetezi wa weupe.

Hofu ya kwamba uhuru wa rangi utaleta vurugu imekosea hata mahali pa kutazama. Katika barabara nyingi za Tanzania, anayefananisha kuta ni kampuni ya simu au ya soda, inayompa mwenye duka rangi ya bure na kuugeuza ukuta wake tangazo. Huo nao ni umoja wa rangi, na aghalabu halmashauri hutoza ushuru wake bila kulalamikia sura ya mji.

Kuna swali la rangi ambalo serikali ina wajibu wa kuliuliza, nalo ni la kilichomo ndani ya kopo. Mng'ao wa baadhi ya rangi za manjano, chungwa na nyekundu hutokana na misombo ya madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto anayemeza vumbi au magamba yake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam imewahi kupima rangi zinazouzwa nchini na kuikuta risasi katika rangi kadhaa za mafuta. Rangi ya mafuta ndiyo inayopakwa kwenye milango, madirisha na sehemu ya chini ya kuta za madarasa, kwa sababu husafishika kwa kitambaa, na huko chini ndiko mikono ya watoto inakofika.